Chumba cha Njano cha Elieth

Jumamosi, 4 Machi 2006, Manassas, Marekani

Chumba cha Elieth kinapendeza! Nilikikarabati mwaka jana: rangi ya njano aliyoichagua kwa simu kutoka Moshi, sakafu ya mbao, dirisha jipya. Kinachokosekana ni mke wangu tu. Miaka mitatu viza inasuasua. Leo nimenusa foronya yake. Inanuka duka.

Kisha jirani yangu Ferdinand akaja kunywa chai yangu. Anatamba kapunguziwa kodi eti ana ofisi nyumbani. Ofisi gani? Mimi ndiye ninayetafsiri vyeti vya watu hapa hapa, mezani pa kulia! Nimepata wazo.

Jumatatu, 6 Machi

Kwa Edah, Mkenya anayetujazia fomu za kodi. Nikamwambia chumba cha njano ni ofisi, ukarabati wote ukatwe kwenye kodi. Akauliza kama kina kitanda. Nikajibu kipo, cha kufikiria. Akasema ofisi ni ya kazi tu, hakuna kulala. Tena gharama hazikatwi kwa mpigo, zinagawanywa kwa miaka thelathini na tisa! Na mimi nilidhani mitatu ya kumsubiri Elieth ni mingi.

Ferdinand hanishindi. Nimeshusha kitanda hadi chumba cha chini ya nyumba, karibu na tangi la maji moto. Nimempigia Edah: hakuna kitanda. Sikumwambia tangu lini. Fomu imekwenda.

Alhamisi, 9 Machi

Viza imetoka! Anafika tarehe 26! Nimelia mbele ya friji.

Halafu nikakumbuka kitanda.

Jumapili, 26 Machi

Nimempokea uwanjani. Amekonda, kicheko ni kile kile. Jamani, nilivyomkumbuka! Akaingia chumbani, akapapasa kuta, akasema ndiyo rangi yake. Nikamweleza taratibu kwamba kisheria hawezi kulala humo. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, miaka yote hii nilikuwa namsubiri yeye au serikali. Akatandika kanga sakafuni, akafunga mlango.

Jumatatu, 27 Machi

Nimelala kitandani petu peke yangu, tangi likinguruma. Juu anaimba nyimbo za kwaya. Bahari yote imekwisha, umebaki mlango mmoja.

Ningeweza kuomba radhi na kupandisha kitanda. Lakini nina bora zaidi: namwajiri Elieth awe katibu wangu! Katibu anaruhusiwa ofisini. Akisinzia, ni uchovu wa kazi. Nimeandika barua ya ajira, nimeipitisha chini ya mlango.

Imerudi. Pengine anataka mshahara mkubwa zaidi.