Mchicha Ulioruka Sentimita Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mkuu ametangaza: Ijumaa anakuja mgeni kutoka wilayani kuangalia bustani za klabu ya sayansi. Darasa litakalomridhisha litavuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye maonyesho ya wanafunzi. Kivuko! Wanangu wa Sita A wanaishi Pasiansi, ziwa wanaliona kila siku, lakini wengi hawajapanda hata mtumbwi. Wamepiga kelele mpaka njiwa wakaruka kutoka batini.

Mchicha wetu uko kwenye viroba, kwenye mboji ya magugu maji tuliyoyavuta ufukweni sisi wenyewe. Sentimita saba. Wa Sita B, darasa la Madam Modesta, kumi na moja. Madam ameniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole gani huo! Nimemshukuru, nikakataa. Nina akili zangu.

Jumanne, 4 Machi

Mbolea ya kuku! Nimeiomba kwa jirani yangu Mzee Obedi, mfugaji. Alinionya kwamba bado ni mbichi, niiache kwanza ioze. Nikamwambia mimi nafundisha sayansi, shikamoo, nikaondoka na ndoo.

Nimeimwaga yote. Watoto wakashika pua. Akelo, mshika rula wetu, akauliza kama tubakize kiroba kimoja bila mbolea ili tulinganishe. Nikasema hatuna muda wa kulinganisha.

Alhamisi, 6 Machi

Majani ya njano. Yamelala. Mgeni ni kesho!

Watoto wameyapima hivyo hivyo, kimya kimya. Saba. Princess amekifunika kiroba chake kwa sweta, kama mtoto mwenye homa. Nikatoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Baada ya vipindi nimekwenda Buswelu kwa shangazi Rose, mwenye bustani. Amenipa miche mirefu ya mchicha, ameibariki, halafu akauliza inakwenda wapi. Nikasema kanisani. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa shuleni. Nimeng'oa ya njano, nimeitupa kwenye shimo la taka, nimepanda ya shangazi. Kazi safi!

Saa mbili Akelo akapima. Akapima tena. Akaigeuza rula, akaikagua.

"Mwalimu, umekua sentimita kumi na mbili tangu jana. Ukiendelea hivi, wiki ijayo utagusa bati."

Nikamwambia mboji ni kitu cha ajabu. Hakucheka. Akachimbua mche mmoja kwa kijiko. Mizizi imeshika udongo mwekundu. Wetu ni mweusi. Akaanza kulia. Nilidhani ni hasira. Kumbe!

"Yetu iko wapi, Mwalimu? Ile ya njano?"

Sikujua kwamba walikuwa wanaipenda.

Hapo akaja Madam Modesta na ndoo. Miche yetu, ndani ya maji, mingine bado hai. Aliiona shimoni alipokwenda kumwaga taka. Akaiweka chini karibu yangu, akarudi darasani kwake.

Nikawaambia watoto yote. Mbolea mbichi, Buswelu, kanisa, yote. Akelo akafuta uso, akafungua daftari.

"Basi tuandike," akasema.

Mgeni alipofika, wakamwonyesha mche ulioungua na mche uliohamia. Wakaeleza jinsi mbolea mbichi inavyounguza mizizi, kwa nini ioze kwanza, na jinsi walivyogundua kwamba mwalimu amewadanganya. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa dhati kwamba hajaona watoto wanaochunguza namna hii.

Sita A, Nansio! Wa kwanza kupiga makofi ni Madam Modesta.

Jumapili, 9 Machi

Leo ibadani nimetoa shukrani huku machozi yananitoka. Kwa ajili ya Akelo na daftari lake. Kwa ajili ya Madam. Nilipomwendea jana kumshukuru, alinipa kiroba kizima cha samadi iliyooza vizuri, na hakunisimanga hata kidogo. Sistahili. Nimeahidi mbele za Mungu: sitadanganya tena kuhusu mchicha.

Jioni mwalimu mkuu kapiga simu. Huko Nansio kila shule itaonyesha pia samaki, sato waliofugwa na wanafunzi kwenye tangi. Wa klabu yetu bado wako kama kidole. Zimebaki wiki mbili!

Lakini Mungu hamwachi mja wake. Nina shemeji Ukerewe, Mayala, mwenye vizimba ziwani vya sato wakubwa, wanono. Nimempigia. Amekubali kunipa wachache bila hata kuuliza ni wa nini. Nimepiga magoti nikashukuru upya. Nani atawatofautisha? Sato wote sura moja.