Kuhusu Kunyimwa Cheo cha Msajili Msaidizi

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwanza pole na majukumu. Mimi ni karani wa dirisha la usajili, yule wa koti la kijivu, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Naandika kwa heshima zote na kwa uchungu, maana cheo cha Msajili Msaidizi nilichokisubiri mpaka nywele zikanyonyoka amepewa dada aliyekuja juzijuzi na shahada yake ya utawala. Naomba uamuzi huo utazamwe upya, kwa sababu hizi:

1. Ujuzi. Mimi husoma fomu ikiwa kichwa chini, kabla haijapita dirishani, nikaona kinachokosekana. Mwenye picha mbili humwambia zinatakiwa tatu. Mwenye tatu humwuliza nani kamwagiza tatu. Ustadi huu haufundishwi darasani.

2. Usaili. Tuliulizwa tungefanya nini tukikuta foleni ya wanafunzi mia. Nilijibu kwa ukamilifu: ningeunda kamati, kamati iteue kamati ndogo, na kamati ndogo iombe viti. Dada huyu akasema angefungua dirisha la pili. Basi! Maneno hayo tu, nanyi mkatikisa vichwa kwa furaha.

3. Dirisha lenyewe. Kweli kalifungua. Kasukuma kabati nililoliegemeza hapo tangu naanza kazi, na nyuma yake vikaporomoka vyeti kumi na vinne vya wahitimu. Sasa wenye midomo wanasema nilivipoteza. Havikupotea, Mheshimiwa. Vilikuwa ofisini muda wote.

4. Jamii. Siku hizi mwanafunzi anahudumiwa dakika saba, huyoo, kaondoka. Atamjua nani? Kwenye foleni yangu watu walizoeana, wakaazimana kalamu, wakachumbiana. Ndoa tatu ninazozijua mimi zimetokana na mhuri uliokaukiwa wino, na mtoto wa mojawapo yuko hapa mwaka wa kwanza. Kwa kasi hii ya dada, miaka ishirini ijayo mtamsajili nani?

Kwa hiyo naomba awekwe chini yangu mwaka mzima ajifunze subira, kabati lirudi mahali pake, nami nipewe cheo pamoja na kiti chake cha kuzunguka. Nimeumia, Mheshimiwa, sifichi. Mke wangu alishawatangazia majirani, na sasa napita njia ya nyuma.

Nisalimie wajumbe wote wa baraza, katibu muhtasi wako, na dereva, ambaye hunipungia mkono kila asubuhi.

Wako mtiifu,
Karani wa Dirisha la Kwanza (zamani la pekee)

N.B. Kitindamimba wangu amechaguliwa kujiunga na chuo hiki, na usajili unafungwa Ijumaa. Nimemwelekeza kwa dada, dirisha la pili. Tafadhali barua hii isifanyiwe kazi mpaka mtoto ahitimu.