Nafasi ya Mwisho ya Muyisa

Siku ya ine, 30 Oktoba 2025
Elsa wangu ndiye anaandika programu ya misa ya marehemu! Majina yatapita kwa ukuta wa kanisa yetu hapa Mulekera, kwa mwangaza wa mashini, na kila famili itasimama ikiona jina la marehemu wake. Padri Melchior amekubali. Mutoto amefika jana toka Butembo, kwenye anasoma informatique, mambo ya kompyuta. Avenue yote inajua. Kwa jirani, Mama Sadrack, nilipita mara mbili. Eti mutoto wake Sadrack angeiandika kwa Python mbele ya maharagi kuiva. Nikamujibu Python ni lugha ya bavivu. Elsa ataandika kwa C, ile ilimutoa machozi mwaka wa kwanza. Donc, basi, ndiyo ya maana.

Siku ya tano, 31 Oktoba
Elsa ananuna. Anasema kwa Python orodha inajipanua yenyewe, majina ikizidi inahamia kwenye nafasi kubwa. Kwa C unasema mbele viti ngapi vya majina. Kupanua ni kazi ya mikono, na misa ni yenga hii, tarehe mbili. Akauliza: mama, niweke ngapi? Nani hapa Beni anajua hesabu ya marehemu? Nikasema makumi tano. Namba ya heshima.
Nikamuagiza jina la kaka yake, Muyisa, liwe la mwisho. Jina la mwisho, batu banatoka nalo. Tangu bauaji bamuue kwa shamba la kakao, majirani bananiita Mama Elsa. Banafikiri ni huruma.

Posho, 1 Novemba
Famili za upande wa Ruwenzori zimeleta majina mengine. Elsa anasema nafasi zikijaa, jina linalozidi linaachwa bila kelele. Sadrack amejitolea kusaidia na Python. Nimekataa. Litakaloachwa litakuwa la bengine.

Yenga, 2 Novemba
Nilivaa pagne mupya ya kitenge. Majina makumi tano yakapita, famili zikasimama. Nami nikasimama tayari. Ukuta ukabaki mweupe. Elsa analia nyuma ya mashini. Sikujua namna ya kukaa tena.
Mama Sadrack akasimama pembeni yangu. Akasema kwa sauti: na Muyisa. Akanishika mukono, akaniita Mama Muyisa, mbele ya batu bote.
Nililia mpaka nyumbani.

Siku ya kwanza, 3 Novemba
Elsa anataka kuandika upya kwa Python. Hapana. C ni C. Ataweka nafasi mia, na Muyisa abaki wa mwisho. Nimeshatangaza avenue yote, kuanzia kwa Mama Sadrack: misa ya Muyisa, yenga tarehe kenda Novemba. Bote bakuje kanisani.