Namba Kumi na Moja wa Mzee Kimotho

Billy Obonyo hakuwahi kucheza mpira maishani, na kwa hivyo alikuwa na muda mwingi wa kuuzungumzia. Jumatatu moja alikuwa mtaani Kawangware 56, Nairobi, ameegemea kaunta ya duka la hardware akijifanya anauliza bei ya misumari, alipomsikia mwenye duka, Mzee Kimotho, akilalamika. Mzee huyo alikuwa na ploti tatu za kukodisha na kijana mmoja, Kiragu. Kijana alikuwa amewekwa kwenye Kabumbu Link, app ambayo wachezaji huweka video zao ili makocha wawaone. Kwa mwezi mzima video yake ilikuwa imetazamwa mara mbili: mara moja na Kimotho, na mara ya pili na Kimotho huyohuyo kwa simu ya mkewe.

Billy aliweka misumari chini kwa heshima zote.

"Mzee, shida si kijana," alisema. "Shida ni vile alirekodiwa. Na hiyo ndiyo kazi yangu."

Hakutaka pesa, na hilo ndilo lililomlegeza Kimotho. Alitaka room moja ya ghorofa ya pili, yenye mfereji ndani, mwaka mzima bila kodi, siku kocha atakapokuja kumwona Kiragu. Tumpe Billy haki yake: room hiyo aliihitaji kweli. Mkewe, Filister, alikuwa amechoka kupanga foleni ya maji kule kwao Gatwekera, Kibera. Alifunga begi akaenda kwa dadake Kisumu, akasema atarudi siku maji yatakapokuwa ndani ya nyumba. Billy alimpenda sana mwanamke huyo, na usingizi ulikuwa umemhama.

Basi akaenda kumtazama Kiragu akicheza. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na mpira ulimpita kila mara bila hata kumsalimia. Billy alitazama dakika tano, akafunga kamera.

Lakini jirani yake Gatwekera alikuwa Adhis, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umewatoa machozi mabeki wengi wa Kibera. Billy alimvisha jezi ya Kiragu, namba kumi na moja, akamfunika nywele kwa kofia, akamwambia ni tangazo la jezi. Akapanda juu ya ukuta na kurekodi kwa mbali, kwenye vumbi, ambako wanadamu wote hufanana. Adhis alilipwa soda. Jioni hiyo mabao yake manne yalikuwa kwenye app, chini ya jina la Kiragu.

Siku ya tatu ujumbe uliingia. Kocha Nereah angekuja Jumamosi uwanjani Kibera kumwona namba kumi na moja. Billy hakusoma zaidi ya hapo. Kimotho naye alifurahi mpaka akampa ufunguo palepale, na Billy akampigia Filister aje Jumamosi hiyohiyo.

Kwamba Kiragu hajui mpira halikumsumbua Billy. Mapatano yalikuwa kocha aje, si kocha apendezwe. Alimfundisha kijana jambo moja tu: kuanguka dakika ya kwanza, kushika paja, kulia.

Jumamosi Kimotho alifika na wenye ploti wenzake sita, wote na suti. Kiragu aliingia, akaanguka, akashika paja. Hakuwa amewahi kufanya kitu vizuri namna ile uwanjani. Billy alikuwa tayari amevaa uso wa msiba wakati Kocha Nereah alipomruka kijana na kumwendea Adhis, aliyekuwa kando ya uwanja akifunga kamba za viatu.

"Mimi ni kocha wa timu ya wanawake," alimwambia Kimotho. "Huyu aliiona video kwenye app, akaniandikia kwamba hiyo miguu ni yake. Nimekuja kumwona yeye."

Adhis akacheza. Baada ya mabao matatu wenye ploti walikuwa wamevua makoti, na Nereah alikuwa ametoa fomu ya kumsajili. Kimotho alisimama katikati ya wenzake, hajui aone aibu au ajivunie. Adhis akamsaidia kuamua.

"Mzee, Billy amejisifu Gatwekera nzima kwamba ulisema room ni ya mwenye ataleta kocha. Kocha nimemleta mimi. Na nikihojiwa, nitasema nilidhaminiwa na Kimotho Hardware."

Kimotho alinyoosha mkono kwa Billy bila kumtazama. Ufunguo ukahama.

Filister alifika begi likiwa begani. Billy alimweleza yote, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alieleza ukweli. Filister alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Adhis.

"Hiyo room inatoshea wawili?"

"Inatoshea, Auntie."

"Billy, nilisema nataka maji ndani ya nyumba. Wewe utakuwa unakuja Jumapili, ukibisha hodi."

Kimotho naye alimkumbusha ajenti Billy kwamba mchezaji wake bado yuko chini, ameumia, na Kawangware ni mbali. Kiragu hakuthubutu kupona mbele ya babake. Alipanda mgongoni mwa Billy, na njiani akamnong'oneza kwamba yeye hasa anapenda kupika chapati, akauliza kama kuna app ya mambo hayo.

Billy, akihema, alimwambia ipo. Ilihitaji tu mtu wa kumrekodi vizuri.