Habari za Soka na Begi la Mama Mkwe

Tegeni masikio, enyi mlioko Arua na enyi mlioko Koboko, nanyi mnaokaa katikati mkipokea vumbi la pande zote mbili. Wekeni chini majembe, punguzeni sauti ya redio, na aliye na uji jikoni auepue, kwa maana habari hii ni ndefu kuliko uvumilivu wa uji. Wengine watawasimulia vita na wafalme. Hapa itasimuliwa jinsi Soka mwana wa Sajini, simba wa Koboko, mpanda chuma, alivyolifunga begi moja juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki, katika mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na mbili, siku ya Jumanne, mbele ya mashahidi.

Kwanza kijulikane chanzo cha vita. Soka alikuwa na pikipiki ya safari ambayo haikuwa na ndugu yake kutoka mtoni hadi mpakani: kubwa kama ndama aliyeshiba, yenye kioo cha kukinga upepo na kiti kirefu cha watu wawili. Aliachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kuchimba visima akaondoka na malaria. Soka aliipa jina la Jenerali. Alikuwa pia na mke mpya, Driciru binti wa kijiji cha Ombaci karibu na Arua, mwenye macho ya kumpima mtu mara moja tu na kutorudia.

Siku ya kumpeleka Driciru kwake, Soka alilipakia begi la bibi arusi juu ya Jenerali, naye Driciru akafuata kwa lori pamoja na shangazi zake. Soka aliingia Koboko akipiga honi tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Alishuka kwa madaha, akageuka, akakuta kiti cha nyuma kitupu. Begi lilikuwa limeshuka mahali fulani njiani, na nguo zote za arusi ndani yake, wala yeye hakuhisi kitu. Driciru hakulia. Alivumilia wiki tatu, kisha akasema kwamba mwanamume asiyejua kama nyuma yake kuna kitu au hakuna, siku moja atamwangusha yeye mwenyewe na kufika nyumbani akipiga honi. Akapanda lori, akarudi kwa mama yake.

Miezi mitatu wajumbe walikwenda na kurudi. Mwishoni Natalina, mama yake Driciru, akatoa hukumu. Begi lake yeye mwenyewe litajazwa vitu vya binti yake, na Soka atalipeleka Koboko. Likifika zima, Driciru atafuata kwa lori Jumamosi. Likianguka, Soka asimsumbue tena Jenerali kwa safari za Ombaci.

Hivyo ndivyo shujaa alivyosimama uani Jumanne ile, chuma kikiwa bado na joto la njia, na mkewe amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani. Natalina hakuonekana. Na asionekane, kwa maana adabu ya nyumba zile yajulikana: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na neno la huyu humfikia yule kwa kinywa cha mtu wa tatu. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

Begi lililetwa na Onzima, kaka yake Driciru, mtu aliyezaliwa na kicheko kimoja akakitumia kwa kila jambo. Alilibeba kwa mikono miwili kama anayemleta mwana wa mfalme abatizwe. Lilikuwa begi la turubai, laini, lisilo na mfupa hata mmoja, limevimba pande zote kama mtu aliyetoka sherehe.

"Shika vizuri, shemeji," alisema Onzima. "Hii begi mama analalia kichwa. Kule Kuluva hospitali alilala nayo wiki mbili."

Ole wa maneno hayo. Tangu hapo Soka hakuona begi tena. Alimwona mama mkwe ndani ya turubai. Akalipokea kwa ncha za vidole, akaliweka kitini na kugeuza uso pembeni kwa heshima, akaanza kulifunga kwa mikono iliyonyooshwa, kama mtu anayemwosha paka wa jirani.

Katika pigano la kwanza alitumia fundo la marehemu baba yake, fundo lililowahi kushikilia mahema ya jeshi katika upepo wa pande nne. Lakini hema lina miti, na begi lile halikuwa na hata kijiti. Lilishusha pumzi, likanywea, kamba ikalegea, nalo likajilaza upande wa kushoto juu ya bomba la moshi. Harufu ya turubai linaloungua ikapanda. Onzima akamwaga maji, nusu juu ya begi na nusu juu ya shujaa.

Katika pigano la pili aliita vipande kumi na kimoja vya tyubu. Alivivuta hadi vikalia, akamwasha Jenerali, akazunguka uani mara moja kwa ujasiri. Penye ua wa michongoma begi likarudi nyuma polepole, bila haraka wala hasira, likakalia taa ya nyuma, likaivunja. Sasa majirani walikuwa wamefika, na mmoja amekuja na kiti chake kabisa.

Onzima alitangaza kwamba Jenerali amekataa amri. Watu wakacheka. Driciru hakucheka, na hakulitazama begi. Alimtazama Soka. Simba wa Koboko alikuwa karibu kuapa kwamba atalibeba begi kichwani kwa miguu hadi nyumbani, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Nayo haikusema Kilugbara, lugha ya mama na binti. Ilisema Kiswahili, ili ifike mahali isikotumwa, masikioni mwa mkwe.

"Driciru. Ambia huyo mutu, hiyo begi hapana mimi. Mimi iko hapa ndani, nakunywa chai."

Driciru akamgeukia mumewe aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake. "Mama anasema hiyo begi hapana yeye. Yeye iko ndani, anakunywa chai."

Soka aliuhutubia ukuta wa jiko. "Ambia mama nimesikia. Ambia yeye, mimi Soka mtoto ya Sajini nilifikiri ni heshima. Nilisema, hata kama nashindwa, heshima ibaki."

"Ambia yeye heshima itabaki barabarani pamoja na begi," lilisema pazia. "Iko hewa mingi ndani. Akalie juu yake. Na kamba ipite chini ya kiti, hapana juu tu. Miaka ishirini nabeba muhogo na baiskeli, hata moja haijaanguka."

Ndipo likaja pigano la tatu, ambalo vizazi vitalitaja. Soka alichukua ufunguo, akalifungua tandiko la Jenerali, akalinyanyua, akapitisha kamba mbili chini yake, akalifunga tena juu ya kamba hadi likasema *kaa*. Akaliweka begi kati ya kamba. Akafumba macho, akawaomba radhi wazee wake wote kwa majina, akalikalia. Begi likatoa pumzi ndefu yenye sauti, na majirani wote wakatazama mawinguni. Akiwa bado amekaa juu yake alikaza, akazungusha, akakaza tena. Onzima alikuja kulitikisa kwa nguvu zake zote. Pikipiki nzima ikatikisika, na begi pamoja nayo, kama kitu kimoja.

Soka alikwenda Koboko mkono mmoja ukipapasa nyuma kwenye kila mteremko. Alipofika hakupiga honi. Alizima, akageuka, akatazama. Lilikuwepo, jekundu kwa vumbi, limekaa kama mwenye nyumba. Ndipo akapiga honi, mara moja tu.

Jumamosi lori lilimshusha Driciru, na Soka akaja kumpokea na Jenerali. Begi lilikuwa bado kitini. Hakuwa amelifungua tangu Jumanne. Siku zote nne alimlaza Jenerali ndani ya nyumba na begi lake, ili fundo lionwe na mwenye haki ya kuliona. Driciru alilivuta fundo kwa mikono miwili. Halikusogea.

"Sawa," alisema. "Na mimi nitakaa wapi?"

Jambo hilo, katika siku nne za maandalizi, simba wa Koboko hakuwa amelifikiria. Basi alimsukuma Jenerali kwa miguu hadi nyumbani, na Driciru akatembea ubavuni, mkono juu ya begi. Kila hatua kumi Soka aligeuka kutazama kama bado yupo. Na iandikwe, enyi waandishi, na ambao bado hawajazaliwa wafundishwe: siku ile hakikuanguka kitu.