Mkalimani wa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mjomba anakuja. Si mwakani, si baada ya mtihani. Alhamisi hii! Kapiga simu nikiwa chooni, mahali pekee chuoni ambapo mtu anaweza kusema Kiswahili bila kukamatwa. Tulipofika huku ugenini tuliapishwa: Kichina tu, darasani, mezani, hata ndotoni. Anayekuwa sugu anarudishwa kwao.

Ijumaa anakwenda kiwandani kununua mashine za kushonea za karakana yake. Mafundi wake wamepewa kazi ya sare za shule nzima na cherehani walizonazo zinakohoa. Mkalimani ni nani? Mimi. Kasema ananitegemea. Nikamwambia asiwe na shaka, siku hizi hata chafya napiga kwa Kichina.

Ukweli: najua salamu, najua chai, najua "ndiyo". Hiyo "ndiyo" naisema vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: Kasuku. Binti wa kwetu, tunaishi naye nyumba moja kwa Mama Mwenye Nyumba, na Kichina kinamtoka kama bomba limepasuka. Jina nimempa mimi. Nikamvizia ngazini, nikamnong'oneza kwa Kiswahili kwamba Ijumaa aje kiwandani, akae nyuma yangu kama karani, anipenyezee maneno. Kanijibu kwa Kichina! Jibu refu, kidole juu. Sikuelewa kama amekubali au amekataa. Nimeamua amekubali.

Baadaye nikamgongea tupange vizuri. Kafunga mlango kwa komeo. Ehe.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, bora zaidi: nimepoteza sauti. Asiye na sauti hatafsiri. Nikashuka na shali shingoni, nikamwonyesha Mama Mwenye Nyumba koo. Kosa! Kumbe ni muuguzi mstaafu. Kanifunika mablanketi, kaniinamisha juu ya beseni la maji ya moto mpaka nikaona nyota. Kisha kijiko ulimini. Kisha tochi. Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama koo.

Anajua. Nahisi anajua.

Nikamwandikia mjomba kwamba koo limeziba kabisa, atafute mtu mwingine. Akajibu papo hapo: pole sana mpwa wangu, nikitoka uwanja wa ndege nakuja moja kwa moja kukujulia hali.

Hapa! Mezani kwa Mama! Nikamwandikia upesi kwamba sauti imerudi. Anakuja vilevile.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba kaingia na koti jipya, mikono ya koti imemzidi. Kasuku, mtu wa kiapo, akainuka na kusema, "Shikamoo, mjomba." Kiswahili! Mbele ya Mama! Wala hakukemewa. Ningekuwa mimi!

Tulipokwisha kula, Mama akamgeukia mjomba na kuanza kusema kwa Kichina. Akasema sana. Nilishika "yeye", nikashika "kulala", nikashika "simu". Mjomba akauliza anasemaje. Nikamwambia anasema mimi ni mwanafunzi wa mfano, silali kwa kusoma, na simu naishika kwa ajili ya msamiati tu.

Machozi yakamlengalenga, masikini. Akasema nimshukuru Mama sana kwa kuniona jinsi nilivyo. Nikamwambia Mama, "Ndiyo." Mama akashusha pumzi ndefu. Kasuku alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanamcheza.

Kabla ya kuondoka mjomba akaomba namba ya simu ya Kasuku. Eti binti ana adabu. Adabu gani?



Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote.

Meneja wa kiwanda alitupokea ofisini. Nyuma ya kioo mashine zimepangwa, zinang'aa. Mjomba akanikonyeza nianze. Nikajikaza kisabuni, nikasema sentensi niliyoikariri njia nzima: mjomba wangu anataka kununua mashine za kushonea.

Meneja akashangaa. Akauliza kitu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, taratibu zaidi. Ndiyo. Akauliza tena, uso umekunjamana. Ndiyo! Basi akampa mjomba mkono kwa huruma, akatuongoza koridoni, tukavuka ua, hadi barabarani. Geti likafungwa nyuma yetu.

"Ghala liko nje?" mjomba akauliza.

"Wana utaratibu wao," nikasema.

Tukasimama. Malori yanapita. Mjomba alikuwa bado anatabasamu, na hilo liliniuma kuliko yote. Tabasamu likapungua, likaisha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba akirudi mikono mitupu kazi ya sare atapewa mwingine, na hajui atawaambia nini mafundi wake. Kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, Kichina unakijua au hukijui?"

"Nakijua, mjomba. Wao ndio wana lafudhi."

Akatoa simu, akampigia Kasuku.

Alifika mbio, anahema. Akazungumza na mlinzi, mlinzi akamwita meneja, meneja akasikiliza, akajishika kichwa, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Kasuku akatueleza, kwa Kiswahili mchana kweupe: kununua na kuuza ni kama neno moja, ila kwenye kununua sauti inashuka kisha inapanda, kwenye kuuza inaporomoka. Yangu iliporomoka. Meneja alikuwa ameniuliza kama mjomba anauza cherehani zake. Ndiyo. Kama ni mbovu. Ndiyo. Kama biashara imekufa.

Mashine zimenunuliwa. Njia nzima mjomba alizungumza na Kasuku.

Jumapili, 9 Machi

Nimemsindikiza mjomba uwanja wa ndege. Mizigo yake huku itasimamiwa na Kasuku. Mimi chuoni narudishwa darasa la wanaoanza.

Pale uwanjani akanishika bega. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema kutojua hakukumuudhi, kilichomuudhi ni kule kusimama getini akiniamini. Ningemwambia Jumatatu, yangeishia kwenye simu. "Umenielewa?" Nikasema nimekuelewa, mjomba. Na kweli ilinichoma. Nikaenda kukaa kwenye benchi peke yangu, nikajiapia nimebadilika, mimi si yule tena.

Nikiwa hapohapo shangazi akapiga simu. Hajasikia lolote bado. Hotelini anakofanya kazi wanatarajia wageni wanaosema Kireno, mkalimani wao kavunjika mguu, naye kasikia mimi ni mtu wa lugha. Je, Kireno nakijua?

Nikamfikiria mjomba. Nikamfikiria kwa dhati kabisa.

Kisha nikamwambia shangazi ndiyo, aniwekee chumba chenye dirisha.