Baiskeli ya Buluu kwa Nusu Bei

Jumatatu, 6 Oktoba
Meneja wa kiwanda cha kufulia mashuka kaniita ofisini. Nikichelewa mara moja tu tena, nirudishe aproni. Kazi inaanza saa kumi na mbili alfajiri, basi la kwanza linanifikisha na robo. Kosa la nani? La basi! Lakini basi halifukuzwi kazi. Nimeamua: nanunua baiskeli. Binamu, ninayekaa naye chumba kimoja huku ugenini, kasema nilipe bei iliyoandikwa, yaishe. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Bei iliyoandikwa ni salamu tu! Kule nyumbani wauza viatu walikuwa wakiniona kwa mbali wanafunika meza.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeiona. Ya buluu, kapu mbele, keria nyuma, imebaki hiyo moja tu. Moyo ulinidunda, uso nikaukausha. Nikamwambia mama mwenye duka nusu bei. Akanionyesha karatasi ya bei. Nikaiponda: tairi jembamba, kengele inalia kama kifaranga chenye mafua. Akanishukuru! La kengele akaliandika kabisa, awaambie watengenezaji. Mfanyabiashara gani huyu? Nikatoa silaha yangu kubwa: kuondoka polepole. Mlangoni nikafunga kamba za viatu, mara mbili, nimpe nafasi ya kuniita. Kweli, huyo anakuja mbio! Nikabana kicheko. Akaniomba kwa heshima zote nisogee, baridi inaingia. Akanitakia siku njema, akafunga mlango.

Jumatano, 8 Oktoba
Kazini kwa miguu. Nilitoka saa kumi, nikafika zimebaki dakika mbili. Malengelenge manne. Ila kichwa hakina lengelenge hata moja! Mpango: Binamu aende dukani, ajifanye mteja, aitukane baiskeli, atoe robo bei. Mimi nikitokea kesho na nusu yangu, mama atanikumbatia. Nilimfundisha saa nzima jinsi ya kubinua mdomo. Tatizo, Binamu hawezi kumdanganya hata kinyozi kwamba kamnyoa vizuri. Jioni nasikia kengele chini ya dirisha. Nikachungulia. Binamu huyo, juu ya baiskeli ya buluu, meno yote nje! Eti maneno yalimpotea, akauliza bei, akaona ni ya haki, akalipa. Na kufuli kapewa bure, kwa kuwa hakumsumbua mtu!

Alhamisi, 9 Oktoba
Binamu nimemsamehe. Nimempa hata glavu zangu, vidole visimgande. Jana tukiwa tunapika nilimwomba aniuzie. Akakubali, kwa bei ileile aliyonunulia. Ndugu yangu kabisa! Nikampa nusu. Alicheka mpaka vitunguu vikaungua. Akasema basi kaka, panda keria, nitakuwa nakupeleka kila alfajiri. Mimi? Mwanamume mwenye ndevu zake, nipakiwe kama gunia la viazi? Nikakataa. Asubuhi miguu nayo ikakataa. Nikapanda basi. Nimefika na robo. Meneja kaangalia saa, kaangalia aproni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kaniita. Nikajua ndiyo basi tena. Kumbe mtu ana huruma! Kasema mikono yangu inakunja mashuka vizuri kuliko ya wote, hataki kuipoteza. Niwe naanza saa moja, mshahara upungue kidogo tu. Basi linanitosha, baiskeli ya nini? Nikataka kumbusu. Halafu nikajizuia. Katoa upesi mno huyu. Bado ana kitu mfukoni! Nikabinua mdomo. Saa mbili, nikamwambia, na mshahara uleule. Akasema hapana. Nikaiweka aproni mezani, taratibu, nikaondoka, taratibu zaidi.

Naandika haya kituoni, mbele ya kiwanda. Mabasi matatu nimeyaacha yapite, asije akanitafuta akanikosa. Kupitia dirishani namwona anamwonyesha jamaa mmoja mgeni mashine yangu. Hata aproni yangu kamvalisha, na mashuka kampa akunje, ili mradi roho iniume. Anajua kuigiza huyu mzee! Hanipati. Nampa dakika kumi, atatoka mwenyewe.